Sanduku la Maswali ya Muziki: Newport ile ya mwanzo, nani alilipa na nani alilala wapi

Toleo lililopita niliitaja Newport kwa mistari miwili tu, nikasema ni kamji ka baharini kwenye jimbo la Rhode Island huko Marekani ambako tamasha la jazi la nje lilianza mwaka 1954, nikaendelea na mambo yangu. Kumbe nimechokoza nyuki. Meseji zimekuja mpaka simu inaishiwa chaji, wengine wanauliza vizuri, wengine wanabishana wao kwa wao na kunifanya mimi refa. Yanayofanana nimeyaunganisha, haya twendeni.

Shikamoo anko. Ivi wazo la lile tamasha lilikua la nani hasa? Baba anasema ni George Wein, mi nimesikia ni yule mama tajiri. (Msomaji, Morogoro)

Marahaba mwanangu. Baba yuko sahihi na wewe uko sahihi, mkae chini mle ugali wenu kwa amani.

Iko hivi. Newport miaka hio ilikua na watu wa aina mbili, mabaharia wa jeshi la maji maana kambi yao ilikua pale, na matajiri wa New York ambao mababu zao walijenga majumba ya kuja kukaa wiki chache tu za joto kila mwaka, jumba kama la familia ya Vanderbilt lina vyumba 70, wiki chache tu bana. Sasa mmoja wa hao matajiri aliitwa Louis Lorillard, ukoo wa pesa za tumbaku, mkewe Elaine. Mwaka 1953 walijaribu kuleta orkestra kubwa ya New York ipige muziki wa Kizungu wa zamani ule wa violini, watu hawakuja, wakapata hasara. Elaine akaona ee, hapa panataka kitu cha kuchangamka, akaenda Boston kwenye klabu inaitwa Storyville akaongea na mwenye klabu, kijana wa miaka 28 anapiga piano mwenyewe, huyo ndo Wein. Wein alikua na namba za wanamuziki na alijua nani anapatana na nani, pesa hana. Mume wa Elaine akaweka dhamana ya dola 20,000. Kwahio ukiniuliza wazo la nani nakwambia la mama, kazi ya Wein, na hela ya mzee wa tumbaku, na ukiondoa mmoja hapo hakuna kitu.

Siku zenyewe zilikua tarehe 17 na 18 Julai 1954. Eddie Condon ndo alifungua, alafu shusha orodha: Ella Fitzgerald, Dizzy Gillespie, Oscar Peterson, Modern Jazz Quartet, Gerry Mulligan, na Billie Holiday ambaye Lester Young alitoka na saksofoni yake kumsindikiza wakati watu walijua hawa wawili siku hizo hawako vizuri. Watu zaidi ya elfu kumi kwa siku mbili. Na faida? Wein mwenyewe alikua anasimulia kwamba baada ya kulipa kila mtu ilibaki dola 142 na senti 50. Soma tena hio namba ukiwa umekaa.

Mbona mnasema lilifanyika Casino? Walikua wanacheza kamari huku wanasikiliza muziki? (Msomaji, Nakuru)

Hapana ndugu yangu, jina linadanganya. Newport Casino ni klabu ya tenisi ya mwaka 1880, mashindano ya kwanza ya tenisi ya taifa la Marekani yalichezwa hapo 1881. Jukwaa liliwekwa kwenye majani, viti vikapangwa kwenye majani, na majani ya tenisi mnajua wenyewe yanavyotunzwa kama ndevu za bwana harusi. Baada ya siku mbili za viti na visigino, wenye klabu hawakutaka kuliona tena lile tamasha pale. Mwaka 1955 likahamia Freebody Park, uwanja wa michezo wa mji. Lorillard akanunua na jumba moja, Belcourt, akiwa na nia shoo zifanyike huko, majirani wakaja juu, ikabidi kule zibaki semina za mchana tu na jioni watu waende uwanjani. Nimeipenda hii sababu inaonyesha tangu mwaka wa pili tu vita ya Newport haikua ya muziki, ilikua ya jirani anataka kulala.

Kwanini Julai? Huku kwetu Makete Julai unatoka na blanketi. (Msomaji, Njombe)

Pole na baridi. Kule Julai ndo katikati ya joto lao na ndo wiki ambazo wenye majumba wapo mjini. Kila mahali tamasha la nje linafata mvua na wageni, angalia Sauti za Busara pale Ngome Kongwe Zanzibar, toka 2004 wao ni Februari, kabla masika haijamwaga. Hesabu ni ileile.

Kaka naomba usikwepe hili. Wanamuziki weusi walilala wapi? Maana 1954 Marekani tunaijua. (Msomaji, Mwanza)

Sikwepi kaka. Rhode Island ni kaskazini, hakukua na mabango ya sheria ya kutenganisha weusi na wazungu kama kule Alabama, lkn hoteli za Newport zilikua na namna yao ya kukwambia vyumba vimejaa, ukiwa mweusi vimejaa, nyuma yako akija mzungu vimefunguka. Kupata kitanda kwa wasanii wale wale ambao watu wamekata tiketi kuwaona ilikua kazi, na suala hili liliwasumbua waandaaji. Fikiria wewe ndo Ella Fitzgerald, elfu kadhaa wanakupigia makofi saa nne usiku, saa sita karani wa mapokezi anatafuta kalamu asikuangalie usoni.

Na kuna jambo la Wein mwenyewe ambalo watu hawalitaji sana. Mchumba wake, Joyce Alexander, alikua mwanamke mweusi, msomi wa baiokemia, walijuana toka 1947 na alikuepo Newport toka mwaka wa kwanza anasaidia. Walifunga ndoa 1959, wakati huo majimbo mengi tu yalikua yanakataza ndoa ya mweusi na mweupe, sheria hizo zilikuja kufutwa na mahakama kuu mwaka 1967. Kwahio mtu huyu alipokua anagombana na wenye hoteli hakua anatetea wafanyakazi wake tu, alikua anarudi nyumbani na swali lile lile.

Alafu mji wenyewe una historia. Karne ya 18 meli za Newport zilikua kati ya zile zilizobeba watumwa wengi kutoka Afrika Magharibi kuliko bandari nyingi za kule. Sasa miaka 200 baadae wajukuu wa waliobebwa wanakuja kupiga muziki kwenye majani ya tenisi. Sijui wangapi walikua wanaliwaza hilo wakati wanaagiza limau yao. Mi ningeliwaza.

Bro tumebishana hapa kijiweni mpaka chai imepoa. Ile rekodi ya Duke Ellington ya Newport 1956 ni laivu kweli au ni ya kupika? Aliyeshindwa ananunua mahamri ya watu sita. (Vijana wa kijiweni, Mombasa)

Mahamri nusu nusu, nyote mnanunua.

Sikilizeni, hii nitaieleza polepole maana ni tamu. Ellington, mpiga piano na kiongozi wa bendi kubwa ya jazi, mwaka 1956 alikua amepoa, vijana wanasikiliza vitu vingine, mabendi makubwa ya watu 15 yamekua ghali kuyasafirisha, wengi wameyavunja, yeye ameng'ang'ania tu. Usiku wa Jumamosi tarehe 7 Julai wakapanda jukwaani mwanzoni, wakapiga vipande viwili vitatu, wakashuka maana baadhi ya watu wa bendi hawajafika bado, alafu wakasubirishwa masaa matatu hivi wakati wengine wanapiga. Wanarudi stejini inakaribia saa sita usiku na watu wameanza kukusanya makoti. Mzee amekasirika, ila Ellington hasira yake haionekani usoni, inatokea kwenye piano.

Wakapiga kitu cha zamani cha mwaka 1937, *Diminuendo and Crescendo in Blue*, vipande viwili vimeunganishwa na solo ya saksofoni katikati, na aliyepewa solo ni Paul Gonsalves. Akaambiwa piga mpaka uchoke. Alipiga mizunguko 27 ya wimbo mfululizo. Ishirini na saba. Mwanamke mmoja wa kizungu mwenye gauni jeusi akainuka kwenye viti vya mbele vya wenye pesa akaanza kucheza peke yake, waliokua wanaondoka wakarudi, watu wakapanda juu ya viti, pembeni Jo Jones aliyekua mpiga ngoma wa bendi nyingine kabisa anapiga ubao wa jukwaa na gazeti alilokunja kuwapa moto wenzake. Wein akaogopa fujo, anamfanyia Ellington ishara akate, Ellington anamtikisia kidole, hapana. Mwezi wa nane Ellington akawa kwenye jalada la jarida la Time, na baadae alikua anasema alizaliwa Newport mwaka 1956.

Sasa rekodi. Wahandisi wa kampuni ya rekodi ya Columbia walikua na maiki zao, lkn Sauti ya Amerika, redio, nao walikua na maiki yao pale pale, na Gonsalves akapigia maiki ya redio, yani solo kubwa kuliko zote kwenye rekodi ya Columbia inasikika kama mtu anapiga chumba cha pili. Solo ile ni ya laivu kweli, mshindi wa kwanza chukua pointi. Lkn vipande vingine Ellington hakuridhika navyo, Jumatatu akawapeleka vijana studio New York wakarudia, alafu kelele za watu zikabandikwa juu. Albamu ikatoka hivyo na ikauza kuliko rekodi zake zote. Mshindi wa pili nae chukua pointi. Miaka ya tisini kanda za redio zikapatikana, wakazilinganisha na za Columbia sekunde kwa sekunde, upande mmoja kanda hii na upande wa pili kanda ile, na mwaka 1999 ikatoka ya usiku wenyewe, Gonsalves yuko karibu kabisa. Tafuteni hio, muache ile ya zamani kwa wazee wenye majalada.

Na Miles Davis alikuepo? (Msomaji, Dodoma)

Alikuepo 1955, na hakua kwenye ratiba iliyochapwa, aliongezwa dakika za mwisho kwenye kundi la kujazia muda wakati jukwaa linapangwa. Akapiga 'Round Midnight ya Thelonious Monk, na Monk mwenyewe yuko kwenye piano, Miles tarumbeta yake ameiziba na kile kiziba mdomo cha bati na ameisogeza mpaka inagusa maiki, watu kimya. Baada ya hapo kampuni ya Columbia ikamtaka. Kichekesho ni baada ya shoo, kwenye gari, inasimuliwa Monk alimwambia Miles hujaipiga sawa, Miles akajibu vibaya, Monk akasema simamisheni gari nishuke, akashuka, akabaki anatembea kwa miguu. Daraja kubwa la Newport halijajengwa bado, ni la 1969, watu walikua wanavuka na kivuko. Yani mtu ameandika wimbo, anaupiga mwenyewe, alafu anaambulia kutembea mpaka kwenye pantoni.

Nimesoma 1960 kulikua na vita pale. Kweli jazi inaleta vita? (Msomaji, Kampala)

Jazi haikuleta vita, bia ilileta, na tiketi kuisha.

Kufikia 1960 tamasha limekua maarufu mno. Mwaka 1958 lilipigwa filamu nzima ya rangi na Bert Stern, humo yumo Louis Armstrong wa tarumbeta, yumo Mahalia Jackson anafunga usiku wa manane na nyimbo za Mungu, yumo Chuck Berry ambaye wazee wa jazi walinuna kuona gitaa lake pale. Wanafunzi wa vyuo wakaanza kuja Newport kama wanavyoenda ufukweni, muziki hawaujui, wanajua kuna umati na kreti za bia. Jumamosi tarehe 2 Julai uwanja umejaa, nje wamebaki maelfu hawana tiketi, wakaanza kurusha chupa na makopo kwa polisi, polisi wakajibu kwa mabomu ya machozi na mabomba ya maji, askari wa akiba wa jimbo wakaitwa. Wengi wa hao vijana walikua wazungu wa familia zinazojiweza, na hili naliweka wazi kwasababu wakati ule wapo waliotaka kuusingizia muziki wa watu weusi. Waliokua ndani ya uwanja wengi hawakujua nje kunawaka.

Baraza la mji likakaa na kufuta siku zilizobaki. Waliruhusu shoo moja tu, ya mchana wa Jumapili, ya bluzi. Muddy Waters na watu wake wakapanda, na mshairi Langston Hughes ambaye alikua mmoja wa viongozi wa tamasha, alipoona mambo yanaisha, akaandika mashairi ya kuaga palepale kwenye karatasi ya telegramu, Otis Spann, mpiga piano wa Muddy, akayachukua akayaimba yakiwa bado wino mbichi. Hio iko kwenye rekodi ya Muddy Waters ya Newport 1960, mi kila nikiisikia najua yule anaimba anasoma karatasi, sauti inayumba kidogo kama mtu anatafuta mstari.

Na upande wa pili wa mji wiki hio hio kulikua na tamasha la waasi. Wanamuziki wa jazi Charles Mingus na Max Roach walikua wamechoka, wanasema tamasha linalipa mastaa wa pop pesa nene na wale wa jazi yenyewe wanapewa za kununulia sigara, wakafungua lao kwenye hoteli ya ufukweni inaitwa Cliff Walk Manor, wanamuziki wenyewe wakapigilia uzio, wakalala kwenye mahema, wakapitisha kofia kukusanya michango. Na aliyewasaidia ni nani? Elaine Lorillard, yule yule mama wa swali la kwanza, ambaye wakati huo ndoa na mzee wa tumbaku imeshavunjika na kwenye bodi ya tamasha hayumo. Kubwa likafungwa, hilo dogo la mahema likaendelea kwa amani. Mingus hakua mtu wa kucheka ovyo lkn wiki hio nadhani alicheka.

1961 mji ukampa promota mwingine, Sid Bernstein, akapata hasara. 1962 Wein akarudi. Wenye maduka walikua wameshahesabu hasara ya kukosa wageni.

Wazee wetu huku walikua wanazisikia hizi habari au ni sisi wa intaneti tu? (Msomaji, Lubumbashi)

Swali zuri sana hili papaa. Ile maiki ya redio iliyoiba solo ya Gonsalves kazi yake ndo hio. Willis Conover, mtangazaji wa Sauti ya Amerika, alianza kipindi chake cha jazi Januari 1955 na alikua ndo mshereheshaji wa Newport kwa miaka mingi, anaongea Kiingereza cha taratibu ili mtu wa mbali aelewe, masafa mafupi yanafika hata kwa mwenye redio ya betri za mawe. Idhaa ya Kiswahili ya redio ile ilikuja baadae, 1962. Na Armstrong, aliyepiga Newport mwanzoni mwa Julai 1960, mwisho wa mwaka ule ule alikua Afrika, Kinshasa ikiitwa Léopoldville watu walimbeba juu kwenye kiti kama chifu, akafika na kwenu Lubumbashi wakati ikiitwa Elisabethville na Katanga imejitenga, akafika Nairobi pia. Muulize babu, kama yupo. Akisema alimuona usimkatalie haraka.

Habari ya kazi mdau. Sisi ni vijana wanne tunataka kuanzisha tamasha letu la muziki kwenye mji wetu mdogo wa ziwani. Tumeshapata jina na nembo. Tuanzie wapi? (Msomaji, Bukoba)

Nzuri ndugu. Nembo iwekeni kabatini kwanza.

Tafuteni Lorillard wenu, yani mtu au ofisi ambayo ikitokea hasara ya mwaka wa kwanza haitawafata na polisi, maana mwaka wa kwanza mkipata dola 142 mmefanikiwa kuliko wengi. Hata Busara, pamoja na jina lote lile, mwaka 2016 haikufanyika kwa kukosa fedha. Alafu tembeleeni majirani wa uwanja kabla hamjachapa bango, nyumba kwa nyumba, na mkubaliane muziki unazimwa saa ngapi, na siku ikifika uzimwe saa hio hata kama mpiga gitaa amepandisha. Hesabuni vitanda. Sio viti, vitanda. Mi niliwahi kualikwa tamasha la mji mdogo, mji siutaji, vyoo viwili kwa watu wote wale na sisi wageni tulilala kwenye basi tuliyokuja nayo, mpiga kinanda hakurudi tena mwaka uliofata na simlaumu.

Kuhusu malipo kuna njia Newport walijaribu kwenye tamasha lao la pili, lile la nyimbo za kienyeji lililoanza 1959, ambako Joan Baez alipandishwa akiwa na miaka 18 kama mgeni wa msanii mwingine. Mwaka 1963 wakina Pete Seeger waliligeuza likawa halitafuti faida, kila msanii akalipwa dola 50, awe staa awe mzee wa kijijini na banjo yake, pamoja na nauli na pa kulala. Inaweza kuwafaa, mnao wapiga zeze huko ambao wanastahili kupanda jukwaa moja na hao wa kwenye redio.

Na bia iuzwe ndani, kwa vikombe vya plastiki. Chupa zibaki kwa muuzaji.